Simu Iliyoachwa Mezani

Ofisini walimwita Mama Hitilafu, na wala hakuwa na kinyongo na jina hilo. Kazi yake ilikuwa kupima. Mafundi wa ghorofa ya juu wakishamaliza kuandika mfumo wa simu, wakishapongezana na kugongeana viganja, mfumo ule ulishushwa kwake chini. Yeye akautia kwenye simu, akaubonyeza, akauvuta, akauzima, akauwasha, mpaka uoneshe ulipoficha uovu wake. Miaka kumi na saba alifanya kazi hiyo, mpaka vidole gumba vikaota sugu.

Mfumo wenyewe uliitwa Chiriku. Zamani, jamani, Chiriku ilikuwa Chiriku kweli! Simu moja ikilia kwenye foleni ya hospitali, nusu ya watu waliingiza mikono mifukoni, maana mlio ulikuwa mmoja na kila mtu alidhani ni wake. Halafu wakaja washindani, Wale Wawili. Ofisini hakuna aliyewataja kwa jina, walisema hivyo tu, Wale Wawili, kama mke mkubwa anavyomsema mwenzake. Walikuja na vioo vipana na programu za kila kitu: za kuita gari, za kupima usingizi, hata ya kumkumbusha mtu mzima anywe maji, kana kwamba kiu imeacha kazi. Watu wakahama, na waandika programu wakawafuata. Chiriku ikabaki na wenye mapenzi yao na wale ambao hawakuwa na wa kuwanunulia nyingine. Kila mwaka mkurugenzi aliwakusanya na kuwaambia mwaka ujao tunarudi. Ndiyo maana wakampa jina la Bwana Kesho, ila si mbele yake.

Safari hii kesho zilikuwa zimekwisha. Wenye mtaji walisema bila kumung'unya maneno: Toleo la Saba litoke kabla ya mwezi kwisha na liwe safi, la sivyo milango inafungwa na kila mtu anakwenda kwao. Mama Hitilafu alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na kitu pekee alichokijua kuliko watu wengine duniani ni jinsi ya kuisumbua simu ya Chiriku. Nani angemwajiri kwa hilo? Aliposikia habari ile alikwenda chooni, akanawa uso mara tatu, akarudi mezani kwake kujikaza.

Sasa, ofisi ile ilikuwa na desturi yake moja ambayo wengine waliicheka. Hakuna toleo lililotoka nje kabla halijakaa wiki mbili kwa wazee. Si wazee wa kampuni, la, wazee wa nyumbani. Kila aliyefanya kazi kwenye upimaji alitakiwa awe na mzee wake, mama au babu au shangazi. Mzee huyo alipewa simu yenye toleo jipya na daftari dogo la mistari, aandike kila siku lililomkera. Mwanzilishi wa kampuni, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kijana atauvumilia upuuzi lakini mzee hana muda huo. Na ni kweli, herufi kubwa zilitoka kwenye madaftari yale, na kile kitufe chekundu cha kukatia simu unachokipata hata gizani. Chiriku ilipendwa kwa sababu ya wazee wakali.

Enzi hizo wazee walikuwa kumi na wawili. Walibaki watatu. Wengine walikufa, na wengine, hili ndilo lililouma, walinunuliwa simu za Wale Wawili na watoto wao wenyewe, wafanyakazi wa Chiriku hao hao, kimyakimya. Kati ya hao watatu, mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa adabu zake, aliyeandika kila siku "Inafaa. Hongereni." Wa pili alikuwa bibi mwenye wajukuu sita. Simu yenyewe hakuiona mchana kutwa, kwa sababu wajukuu waliichezea mpaka inachemka. Wa tatu alikuwa mama mkwe wa Mama Hitilafu.

Huyo sasa! Aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, na ulimi wake ulitosha kujaza chumba cha tatu. Kuhusu Toleo la Tatu aliandika: "Kengele ya asubuhi inaniamsha kama askari. Nimeiba nini?" Wakaibadilisha. Kuhusu la Tano aliandika: "Picha ya betri ni ndogo kuliko shukrani zenu." Wakaikuza. Fundi mkuu, ambaye ofisi nzima walimwita Kichwa, alikuwa akisema kuna mpimaji mmoja tu anayemwogopa na hajawahi kumwona uso.

"Hii ndiyo ya kuturudisha, mama," Mama Hitilafu alimwambia siku ya kumkabidhi Toleo la Saba, wamekaa sebuleni pake, simu juu ya kitambaa cheupe cha mezani.

"Kwani mlikuwa mmekwenda wapi?"

"Mama nawe! Nataka usinihurumie. Kikikukera hata kidogo, andika."

"Nimeshawahi kukuhurumia lini?" Mama mkwe aliigeuza simu akaitazama mgongoni. "Namba yangu ni ileile? Haikubadilika?"

"Ileile."

"Maana dada anaijua hiyo tu."

Mama Hitilafu aliinamisha macho. Habari za dada mtu alizijua, nyumba nzima ilizijua. Ndugu wawili wa tumbo moja hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne kwa ajili ya kabati. Naam, kabati la vyombo la marehemu mama yao, ambalo dada mkubwa alilibeba bila kuuliza. Mdogo, yaani mama mkwe, alikuwa ameapa: dada ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyekosea, yeye ndiye apige. Tangu mwanzo wa mwaka habari zilikuja kwamba dada mtu anaumwa na kulazwa kila mara. Mama mkwe alizipokea kimya, lakini tangu hapo simu aliiweka mezani mbele yake kuanzia asubuhi, akashona au akachambua mboga huku anaitupia jicho. Hakuigusa. Alikuwa na imani yake kwamba simu ikiguswaguswa betri inachoka, na betri iliyochoka itakufa wakati ule ule unapoihitaji. Hakuna aliyefaulu kumtoa kwenye imani hiyo.

Jumamosi ya kwanza Mama Hitilafu alikwenda kusoma daftari. Mwandiko wa mama mkwe ulikuwa wa kulala, wa shule ya zamani.

Jumatatu: Hakuna aliyenipigia.

Jumanne: Hakuna aliyenipigia.

Jumatano: Herufi nzuri. Hakuna aliyenipigia.

Na kuendelea hivyo mpaka Ijumaa.

Damu ilimpanda usoni. Unajua jinsi mtu anavyosemwa bila kutajwa? Wiki nzima alikuwa akijiambia leo nitampigia mama, jioni inafika anajiambia kesho, maana ukimpigia yule hukati simu chini ya nusu saa, na kazi ofisini ilikuwa imewakalia kooni. Sasa ndiyo haya, yameandikwa kwenye karatasi ya kazi, wenzake wayasome.

"Mama, hili ni daftari la simu. Ya nyumbani tuyaseme nyumbani."

"Umeniambia niandike linalonikera."

"Linalokukera kwenye simu!"

"Simu hailii. Hilo si la simu?"

Mama Hitilafu aliichukua simu pale mezani, akaikagua, akawasha kioo, akairudisha. Akatoa yake, akapiga. Ile ya mezani ikaimba ule mlio wa Chiriku, mzuri, wa wazi, mpaka vikombe vikatetema.

"Unaisikia? Nzima kabisa."

Mama mkwe aliitazama simu, akamtazama mkwewe. "Basi mbovu ni mimi," akasema, akaondoka kwenda jikoni.

Jioni, mumewe alipokuwa akivua viatu, alimweleza. Mume akashangaa. "Mbona mimi nampigia? Jana mara mbili, juzi mara moja. Inaita weee, hapokei."

"Kanuna."

"Kanunia nini?"

"Mama yako akitaka kununa anahitaji sababu?"

Wakacheka wote wawili, wakala. Katikati ya juma mume alikwenda mwenyewe kwa mama yake, akarudi amekunja sura. Ananiambia mimi mwongo, akasema. Mtu mzima na ndevu zangu, ananiambia hujanipigia, uongo huo umejifunza wapi. Mama Hitilafu akamwambia ni uzee, masikio nayo yanazeeka, amsamehe.

Jumamosi ya pili daftari lilikuwa baya zaidi. "Hakuna aliyenipigia" ilijaa ukurasa, na mahali pa Alhamisi paliandikwa: "Nimekaa nayo mezani kutwa. Sijaigusa nisije nikaichosha. Hailii. Siku hizi mtu akizeeka hata simu inamjua." Mama Hitilafu alisoma mstari ule mara mbili. Kuna kitu kilimgusa moyoni, kidogo sana, mfano wa punje ya mchanga ndani ya kiatu. Mume anasema inaita. Mama anasema hailii. Mpimaji wa mwaka wa kwanza angesimama hapo hapo. Lakini yeye alikuwa na hasira na aibu, na mwezi ulikuwa unakwisha. Akalifunga daftari na kulitia mkobani.

Jumatatu, Bwana Kesho mwenyewe alishuka ghorofa ya chini, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka. Kichwa alikuwa nyuma yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Fomu ya kuidhinisha toleo ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: Malalamiko ya wazee.

"Mwalimu anatupongeza," akasoma Mama Hitilafu. "Bibi wa wajukuu anasema michezo inakwenda vizuri."

"Na mkweo?" Kichwa aliuliza. "Yule ndiye ninayemngoja."

"Ah! Huyo ameandika mambo ya nyumbani tu. Watoto hawampigii."

Kichwa akacheka cheko la mtu aliyetua mzigo. "Hilo mimi siwezi kulirekebisha."

Bwana Kesho akasogeza kalamu. Mama Hitilafu akaandika "Hakuna", akatia sahihi chini yake. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Baadaye alikuja kuuchukia mkono ule kwa sababu hiyo.

Na Chiriku ikarudi! Usiseme. Mabango yaliandikwa CHIRIKU KARUDI kwa herufi kubwa kuliko milango. Watu walipanga foleni madukani, vijana waliozaliwa wakati Chiriku inazeeka wakaishika na kusema kumbe ni nyepesi, kumbe inakaa na chaji siku tatu. Hiyo ya chaji ndiyo iliyowapagawisha. Chaji siku tatu! Wale Wawili hawakuwahi kufika hata mbili. Kule ofisini watu walikumbatiana kwenye ngazi. Mama Hitilafu alisimama dirishani pa duka la mtaa wa jirani, akaona mwanamke wa rika lake anatoka na boksi la Chiriku kifuani, akalia hadharani bila kujali.

Furaha ile ilidumu siku kumi na moja.

Aliyeanza kupiga kelele alikuwa daktari wa zamu, aliyeiacha simu mezani ofisini kwake, akaitwa na wodi mara sita, asisikie. Akafuata fundi bomba aliyepoteza wateja wa wiki nzima. Akafuata baba aliyeitwa na shule ya mwanawe kutwa. Wote hadithi moja: waliopiga walisikia inaita, waliopigiwa hawakusikia kitu, na ukiishika mkononi kuikagua, inalia kama kawaida. Mtaani walishaipa jina jipya, Bubu. Chiriku akawa Bubu, na mzaha wa namna hiyo ukishashika haubanduki. Waliopanga foleni ya kununua wakapanga nyingine ya kurudisha, na ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

Kichwa aliipata hitilafu kwa siku mbili. Aliwakusanya wapimaji, akawaambia bila kupandisha sauti.

"Ni ile akiba ya chaji, iliyoipa simu siku tatu. Simu isipoguswa kwa saa nne hivi, inalala, na inalala mno. Ikipigiwa inaandika chini kwa chini kwamba imepigiwa, lakini haiamshi kengele wala haimwonyeshi mwenyewe. Ukiigusa tu, inaamka kana kwamba haikufanya kitu." Akajipangusa uso. "Sisi hapa tungeijuaje? Simu zetu zinashikwa kila dakika. Za wajukuu zinachezewa. Mwalimu simu yake ndiyo tochi yake. Ilihitajika simu ya mtu mpweke. Mtu anayeiweka mezani akaitazama tu."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," Kichwa akasema. "Hakuna mzee yeyote aliyetaja jambo kama hilo?"

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, chini ya kiti, linagusa kifundo cha mguu wake. Mama Hitilafu aliona uso wa Kichwa, akaona wenzake, akaiona miaka kumi na saba.

"Hakuna," akasema.

Basi mzigo akabebeshwa Kichwa, maana ni yeye aliyeiandika ile akiba ya chaji. Bwana Kesho alimtaja mbele ya wenye mtaji, na Kichwa hakujitetea. Haikusaidia kitu. Ofisi ilifungwa mwisho wa mwezi uliofuata. Watu walifunga virago, viti vikatolewa nje, na jina likanunuliwa na watu waliotaka kulibandika kwenye feni.

Katikati ya hayo yote, dada yake mama mkwe alifariki. Habari aliileta mume wa Mama Hitilafu kwa mdomo, na walikwenda mazishini wote watatu. Mama mkwe hakulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, akaliangalia lile kabati la vyombo lililosimama ukutani, na mtu alipomjia kumpa pole alijibu: "Hakunipigia hata kuniaga. Miaka minne nimeingoja simu yake. Sasa nilie nini?" Mama Hitilafu aliyasikia hayo akiwa amesimama nyuma ya kiti, na tayari alikuwa anajua kwamba simu ile ilikuwa inalala. Alitoka nje akajifanya anatafuta maji ya kunywa.

Siku ya mwisho ofisini, Kichwa alimkabidhi kadi ndogo ya kumbukumbu, ile inayoingia pembeni mwa simu. "Dawa yenyewe," akasema. "Mstari mmoja. Mstari mmoja tu wa programu, mama! Simu zenyewe madukani hazipo tena, wote wamezirudisha. Mwekee mkweo, yeye ndiye wetu wa mwisho. Na umwambie asishtuke: zile simu zote zilizoandikwa chini kwa chini zitamwagika kwa pamoja." Alimpa mkono, akabeba boksi lake, akaondoka. Hakuwa na hata chembe ya shaka naye, na afadhali angekuwa nayo.

Kadi ilikaa kwenye pochi siku tisa. Kila asubuhi Mama Hitilafu aliigusa kwa kidole, akasema leo. Siku ya kumi mumewe alipita chumbani akasema mama anauliza kama simu yake nayo itarudishwa dukani au vipi, na kwa nini huendi kumwona siku hizi, kwani wewe si ndiyo unakaa nyumbani? Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu ilikuwa palepale, juu ya kitambaa cheupe, imenyooshwa sambamba na ukingo wa meza. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Nimekuletea dawa ya simu, mama."

"Kumbe ilikuwa inaumwa?"

Mama Hitilafu alichomeka kadi, akabonyeza, akangoja. Kioo kikazima, kikawaka. Halafu simu ikaanza. Ilitoa mlio mfupi, na mwingine, na mwingine, ikatetemeka mezani ikisogea kidogo kidogo kama kitu kilicho hai, na mstari ukashuka juu ya mstari, majina na tarehe. Mama mkwe aliweka ungo chini. Akavaa miwani.

Alisoma kwa kidole, polepole, kwa sauti. Jina la mwanawe, la mwanawe tena, la mwanawe mara nne siku moja. Jirani wa nyuma. Mshona nguo. Mwanawe. Kisha kidole kikasimama.

"Huyu ni dada," akasema.

Mama Hitilafu alikaza macho kwenye ungo.

"Jumanne, dada. Jumanne, dada. Jumatano." Aliendelea kushuka, midomo ikihesabu. "Mara tisa. Mtu hana pumzi ya kunyanyuka kitandani, amepiga mara tisa. Amesikia inaita, mimi sipokei." Alivua miwani akaifuta kwa kanga ingawa ilikuwa safi, akaivaa tena. "Na mimi niliandika. Kila siku niliandika, mwanangu. Hukusoma?"

"Nilisoma, mama."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani unanisema mimi. Kwamba sikupigii."

Mama mkwe hakupandisha sauti, na Mama Hitilafu, ambaye kwa miaka ishirini na mitano aliuogopa ulimi ule, angetoa chochote siku hiyo atukanwe nao. Yule mama akarudi kwenye simu. Alianza tena juu kabisa, akashuka taratibu mpaka mwisho wa orodha, jina baada ya jina, akapanda tena juu.

"Lako silioni," akasema. "Hebu tazama wewe mwenye macho. Labda nimelipita."

Akamsukumia simu mezani. Mama Hitilafu akaipokea, akaanza kutafuta.